Somo: Kupata mkanju unaostahimili ubwiri unga

Mwenye mikanju hapa Malindi anaujua ubwiri unga: katika miezi ya kusi, asubuhi zenye umande, machipukizi na mashada ya maua huwa meupe kama yaliyonyunyiziwa unga wa muhogo, kisha maua hugeuka kahawia na kupukutika kabla ya kushika kanju. Kuvu inayouleta ugonjwa huu hutambaa juu ya ngozi ya mmea na kuzamisha vinyonyeo katika seli changa. Jani likishakomaa, kuvu hailiwezi tena. Kwa hiyo mti unaowahi kutoa maua huponea kwa kuutangulia ugonjwa, na mwingine huponea kwa sababu umbile lake lenyewe haliipi kuvu nafasi ya kushamiri.

Kwanza, teua mti mama kwa macho yako. Mti uliokuwa safi mwaka mmoja huenda umebahatika tu. Ufungie utepe, kisha uukague tena msimu wa pili, hasa ikiwa majirani zake wameshikwa.

Pili, usitegemee mbegu, kwa kuwa maua ya mkanju huchanganya mbelewele na ya miti mingine. Mimi nilipanda kanju za mti niliousifu mno, na miche mingi ikapata ubwiri vilevile.

Tatu, unganisha: chukua kikonyo, yaani kijiti cha mti mama cha kuunganishia, chenye unene wa penseli kutoka tawi lililo juani, chenye jicho lililovimba lakini halijafunguka. Wiki moja kabla ya kukikata, kiondolee majani. Kichonge kama kabari, upasue mche wa miezi miwili hivi, ukiingize, na uhakikishe kwamba ganda limekutana na ganda walau upande mmoja, kwani hapo ndipo wengi hukosea. Kisha funga kwa utepe wa nailoni.

Nne, panda mita 12 kwa 12, na ufyeke machipukizi ya chini ya shina.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi niko Hindi, Lamu. Mikanju yangu ni ya marehemu babu, niikate yote?

La, ndugu yangu. Kata michache kwa zamu, usije ukakosa mavuno kabisa, kisha visiki vikichipua, unganisha machipukizi hayo na vikonyo vya mti safi.

Nikipuliza salfa, bado nauhitaji mti unaostahimili?

Naam. Salfa hukinga tu, haifufui ua lililokufa, na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Mti mstahimilivu hukupunguzia mipulizo.

Je, mvua huuzidisha ubwiri?

Mvua kubwa huiosha kuvu hii. Inayoenezwa na matone ya mvua ni kuvu ya chule, ugonjwa mwingine wa mikanju, na mkanju usioshikwa na ubwiri waweza kushikwa na chule.