Kabla ya kuingiza namba za ramani ya zamani kwenye simu

Ukinunua ramani ya 1:50,000 pale Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji na ramani, Ruaraka, Nairobi, usikimbilie kuingiza namba zake za mahali (koodineti) kwenye simu. Soma kwanza maandishi madogo ya pembezoni. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali duniani, ilhali GPS ya simu husoma WGS84, mfumo mwingine unaotumiwa na GPS. Namba zinafanana sana, na hapo ndipo watu wanaponaswa: ukiziingiza zilivyo, nukta itaangukia takribani mita 300 kaskazini ya mahali pake. Kwa ploti ya Ruai, hiyo ni kwa jirani wa mbali kabisa.

Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kila mfumo una msimbo wake wa EPSG: ramani ya Nairobi ya Arc 1960 ipe EPSG:21037, na data ya GPS iliyo katika mita za UTM (gridi inayotaja mahali kwa mita badala ya digrii) ipe EPSG:32737. Programu itageuza yenyewe. Halafu jaribu kwa njia panda ya zamani unayoiona wazi kwenye picha ya setilaiti, uone kama ile ya ramani inaangukia palepale. Mimi siamini ugeuzaji wowote kabla ya jaribio hilo.

Kutafuta mpaka wa shamba ni jambo jingine, mwachie sorveya mwenye leseni.