Kuku wa huria: kuwaandaa kuingia bandani majira ya baridi

Kuku mzima mwenye manyoya kamili huvumilia baridi vizuri. Kinachomwangusha ni unyevu. Kinyesi kibichi sehemu kubwa ni maji, na pumzi zao usiku kucha huongeza mvuke. Mvuke ukikosa pa kutokea, hurudi kuwa maji kwenye dari, hulowesha matandazo, na siku ya barafu vilemba na ndevu za majogoo huungua kwa baridi na kuwa vyeusi. Kwa hiyo anayeziba kila tundu ili kuku "wapate joto" anawatafutia maradhi.

Matundu ya hewa yawe juu, karibu na paa, pande mbili zinazotazamana, juu ya vichwa vya kuku waliolala. Chini, ziba nyufa zote. Usiku shika unyoya mwepesi kwenye usawa wa fito za kulalia: ukipeperuka, tafuta upepo unakoingilia. Asubuhi pitisha mkono darini. Ukilowa, ongeza tundu hata kama nje kuna theluji.

Kazi ianze wiki sita kabla ya baridi kali. Kwanza hesabu. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha, kwa sababu sasa watashinda humo humo. Wakizidi, punguza mapema majogoo ya ziada na mitetea iliyoacha kutaga. Kuwalisha miezi yote ya baridi ni hasara.

Kisha toa kila kitu bandani, kwangua, osha, na acha pakauke kabisa kabla ya kupaka chokaa. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na ncha za fito, usiku hutoka kunyonya damu. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito baada ya giza kuingia. Madoa mekundu yanakupa jibu. Piga dawa, rudia baada ya siku saba hivi, maana mayai yake hubaki salama mara ya kwanza na huanguliwa baadaye. Kagua pia kuku mmoja mmoja: chawa chini ya mbawa na karibu na mkundu, magamba ya miguu yaliyoinuka (huo ni utitiri wa miguu), uzito wa kifua. Dawa ya minyoo wape kabla ya kuwafungia, na fuata lebo kuhusu siku za kutokula mayai. Chanjo ya kideri kama imepitwa na wakati, mwone mtaalamu wa mifugo sasa, maana ugonjwa ukiingia kwenye banda lililojaa huenea haraka.

Fito ziwe na upana wa sentimita 5, kingo zimesuguliwa, sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku. Ubapa huo una maana: kuku huketi juu ya vidole na kuvifunika kwa manyoya ya tumbo. Fito nyembamba humlazimisha kukunja vidole, navyo vikabaki nje. Zote ziwe usawa mmoja, juu kuliko viota, la sivyo watalala viotani na kuchafua mayai.

Tandaza maranda makavu unene wa sentimita 10 hadi 15. Usitumie unga wa mbao. Vumbi lake linadhuru mapafu. Pindua kila siku chache, ongeza makavu juu. Kujua hali yake, kamua konzi moja. Yakibaki donge, yana maji mengi. Yanayofaa hushikana kidogo, kisha huachana ukifungua mkono. Inama hadi usawa wa kichwa cha kuku uvute pumzi: macho yakiwasha, hewa ni chafu tayari.

Waliozoea kulala mitini hawatahamia wenyewe. Wiki mbili kabla, wape nafaka ya jioni ndani ya banda. Wanaokataa wabebe gizani, uwafungie siku tatu au nne.

Chakula badilisha kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Kwa kuwa hawachakuri tena nje, wawekee changarawe, la sivyo firigisi itashindwa kusaga. Nafaka nzima jioni huwasaidia kutunza joto usiku. Maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku, na chombo kisikae chini ya fito.

Kudonoana huja na uvivu, msongamano na upungufu wa protini. Ning'iniza kabichi, mwaga nafaka kidogo ndani ya maranda wachakure, weka sanduku la mchanga na majivu ya kuni wajioge. Aliyetoka damu mtenge mara moja. Rangi nyekundu huwaita wengine.

Ukitaka mayai yaendelee, ongeza mwanga asubuhi, nusu saa kila wiki hadi siku itimize saa 14 za mwanga. Usiongeze jioni: taa ikizimika ghafla, kuku hukwama sakafuni gizani. Taa ya joto kwa kuku wakubwa, achana nayo. Huwasha moto kwenye maranda, na umeme ukikatika usiku hukuta kuku hawajazoea baridi.