Somo: Kufuatilia uhai wa vyura chotara, hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila mara ni hili: vyura wa spishi mbili wakizaliana, watoto wanaishi? Kwa namna lilivyoulizwa, halijibiki. Inabidi kwanza tujue yai ni la nani, kifo kimetokea wakati gani, na watoto wamekulia katika maji ya namna gani. Fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Andika mama ni nani na baba ni nani

Usiandike tu "A na B". Kwa vyura, kubadilishana nafasi za wazazi kunaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya uhai na kifo. Chukua vyura wa Afrika wa jenasi Xenopus, wenye kucha miguuni, wanaofugwa katika maabara nyingi duniani. Yai la Xenopus laevis likirutubishwa kwa mbegu ya Xenopus tropicalis, viluwiluwi huanguliwa na kuishi. Geuza sasa, yai liwe la tropicalis na mbegu ya laevis: viinitete vyote hufa mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli zinapogawanyika, kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) mbili za baba, zinazoitwa 3L na 4L, hazivutwi sawasawa, na sehemu zake kubwa hupotea. Yai ndilo linaloleta chakula na vifaa vya kugawanya seli, na vifaa vya mama huyu haviwezi kuzishika vizuri kromosomu hizo mbili.

Hatua ya 2: Tafuta saa ya kifo

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Yai likigawanyika mara mbili, nne, nane, watu hufurahi na kuandika "limefanikiwa". Bado! Migawanyiko ya mwanzo huendeshwa na maagizo ambayo mama aliyaweka ndani ya yai. Jeni za kiinitete chenyewe huamka baadaye, na hapo ndipo jenomu mbili, yaani seti nzima ya jeni ya kila mzazi, zinapolazimika kufanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza. Mwanabiolojia John A. Moore alionyesha hilo miaka ya 1940 kwa vyura wa Marekani: mayai ya Rana pipiens yenye mbegu ya Rana sylvatica yaligawanyika vizuri, kisha yakasimama pale seli zinapoanza kuingia ndani kupanga tabaka za mwili.

Kwa hiyo hesabu walio hai mara kadhaa: baada ya migawanyiko ya kwanza, tabaka zinapopangwa, wanapoangua, wanapoanza kula, miguu inapoota, mkia unapokwisha. Na tafadhali, gawa mayai ya jike yuleyule mafungu mawili. Fungu moja lipate mbegu ya spishi yake. Bila fungu hilo hutajua kama waliokufa wameuawa na uchotara au na mayai mabovu. Joto la maji liwe moja kwa mafungu yote.

Hatua ya 3: Pima katika maji zaidi ya ya aina moja

Katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani wanaishi vyura wa spishi mbili, Spea bombifrons na Spea multiplicata, wanaotaga katika madimbwi ya mvua. Viluwiluwi chotara wa mama bombifrons hukua haraka kuliko bombifrons halisi. Dimbwi likiwa na kina, faida hiyo haina uzito. Likiwa karibu kukauka, ndiyo inayowaokoa. Mwaka 2007 mtafiti Karin Pfennig alionyesha kwamba majike wa bombifrons wakiwa katika maji machache huwapendelea zaidi madume wa spishi ile nyingine. Hasara huja baadaye: madume chotara ni tasa, na majike hutaga mayai machache. Hata hivyo kizazi chenye kasoro ni bora kuliko kizazi kilichokaukia topeni.

Hatua ya 4: Endelea hadi wajukuu

Pelophylax esculentus wa Ulaya, chura anayeliwa, ni chotara wa Pelophylax lessonae na Pelophylax ridibundus. Mtafiti Leszek Berger wa Poland ndiye aliyelifumbua jambo hilo miaka ya 1960. Mwenyewe ana afya njema. Ila mara nyingi, anapotengeneza mayai au mbegu, huiondoa jenomu ya lessonae na kupitisha ya ridibundus peke yake, bila kuchanganya. Akizaa na lessonae, anapatikana chotara tena. Chotara wawili wakizaliana, watoto kwa kawaida hufa wakiwa viluwiluwi, kwa sababu jenomu isiyochanganywa imelimbikiza kasoro kizazi baada ya kizazi, na mtoto amezipata pande zote mbili. Aliyeishia kuhesabu kizazi cha kwanza asingeliona hili kamwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimeona dume wa spishi moja amemkumbatia jike wa nyingine. Hao tayari ni wazazi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Madume wa vyura hushika hata dume mwenzao. Subiri mayai, kisha uone kama yanagawanyika.

Swali: Kanuni ya mwanabiolojia Haldane ya mwaka 1922 inasema kwamba kati ya machotara, jinsia yenye kromosomu za jinsia zisizofanana ndiyo huathirika zaidi. Inafanya kazi kwa vyura?
Jibu: Si kila mara. Kwa Xenopus laevis jike ndiye mwenye ZW, yaani kromosomu za jinsia zisizofanana, lakini kati ya machotara wa Xenopus madume ndio tasa, na majike hutaga.

Swali: Naweza kumtambua chotara kwa macho?
Jibu: Usitegemee rangi. DNA ndiyo ya uhakika. Ukishuku ana seti tatu za kromosomu, pima chembe nyekundu za damu kwa hadubini. Huwa kubwa kuliko za mwenye seti mbili.

Swali: Kwa hiyo uchotara hauwezi kuzaa spishi mpya?
Jibu: Unaweza. Xenopus laevis mwenyewe alitokana na spishi mbili zilizoungana zamani, takriban miaka milioni 17 iliyopita, jenomu zote mbili zikabaki. Ndiyo maana ana kromosomu 36, ilhali tropicalis ana 20.

Swali: Nikimaliza jaribio, niwaachie mtoni?
Jibu: Usithubutu. Huko Rasi (Cape), Afrika Kusini, Xenopus gilli, spishi iliyo hatarini, anabanwa na laevis anayeshindana naye na hata kuzaa naye. Machotara wako wabaki ndani, na maji yao yatiwe dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumwagwa, maana hata kuvu anayeua vyura husafiri kwa maji.