Kunde zimezidi bustanini? Kausha uzile kiangazi

Mvua ikikolea majani ya kunde yanatoka mpaka unagawia majirani, halafu ukifika mwezi wa 8 unanunua fungu sokoni kwa bei ya ajabu, sasa ya nini hayo yote. Chuma majani machanga asubuhi, yaliyokomaa waachie mbuzi maana yakikauka ni kamba tupu. Osha, chemsha maji na chumvi kidogo, tumbukiza dakika 2 au 3 tu, yakishanywea toa chuja vizuri maji yaishe kabisa. Mi huwa nayakandamiza na mwiko kwenye chujio.

Anika kwenye chekecheke au mkeka safi, kivulini penye upepo, funika na kipande cha chandarua nzi wasitue, jua kali linaua vitamini A na rangi inafifia. Geuza mara kwa mara, usiku ingiza ndani. Jani likivunjika kwa mlio mkononi ndo tayari, likijikunja tu bado, ukilifungia hivyo litaota ukungu. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana.

Kupika loweka kwenye maji ya moto, kisha yaunge kwa karanga za kusaga. Watu wa Tabora nsansa hii, yaani majani ya kunde makavu, wanaijua vizuri, na ugali wa mtama usiseme.