Antena ya risiva kwenye boti ya rimoti: ipite wapi, ikae vipi

Kijana mmoja wa hapa Mikindani aliniletea boti yake. Inakwenda vizuri ikiwa karibu na ufukwe, ikisogea mbele kidogo inazima. Alishabadilisha betri, kumbe tatizo ni antena. Mwongozo huu ni wa rimoti za gigahezi 2.4. Zile za zamani za megahezi 27 au 40, zenye waya mrefu, zina utaratibu wake. Waya ule usiukate.

Hatua ya 1. Fungua boti, weka risiva (kile kisanduku kinachopokea amri za rimoti) mbali na mota na nyaya nene za betri.

Hatua ya 2. Pitisha antena. Usiharakishe hapa. Kwenye antena nyingi, sehemu kubwa ya waya unaotoka kwenye risiva hainasi chochote, inasafirisha tu. Kinachonasa ni ncha nyembamba ya mwisho, isiyo na wavu wa chuma ndani, yenye urefu wa takriban milimita 31, yaani robo ya urefu wa wimbi. Ikikatika usiungie kipande cha waya wa spika. Urefu ukibadilika haipokei sawasawa. Nunua nyingine.

Ncha hiyo inyooke. Isiguse betri, chuma wala kaboni. Najua kaboni inapendeza, lakini inapitisha umeme na inaziba mawimbi. Mbao, plastiki na fibaglasi hazina neno.

Halafu maji. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi maji ya chumvi, kwa hiyo ncha ikilala chini ya usawa wa maji boti inakuwa kiziwi. Itoe juu ya sitaha, isimame wima ndani ya mrija wa soda, kadiri unavyoweza kuipandisha. Kusi likivuma, hata kiwimbi kidogo kinaiziba antena fupi. Ziba tundu kwa silikoni. Gundi ya moto siitaki kabisa, jua la huku linailegeza. Risiva ikiwa na antena mbili, moja isimame, nyingine ilale, zifanye pembe ya nyuzi 90.

Hatua ya 3. Antena ya rimoti isimamishe wima pia. Usiielekeze kwenye boti kama fimbo: nguvu hutoka ubavuni, nchani ni hafifu mno.

Hatua ya 4. Weka mpangilio wa mota kuzima mawasiliano yakikatika. Inua boti, washa mota, zima rimoti. Ikiendelea kuzunguka, usiiachie majini, utaishia kumwomba mvuvi mtumbwi.

Hatua ya 5. Pima umbali kwa ile hali ya nguvu ndogo ya rimoti, ukitembea idadi ya hatua za miguu iliyoandikwa kwenye kijitabu chake. Subiri maji yajae, mwenzako aishike boti ikiwa inaelea. Kipimo cha mezani sikiamini, maana mezani hakuna maji. Mota ikisitasita kabla hujamaliza hatua hizo, rudi Hatua ya 2, pandisha mrija.