Namna ya kuandika riwaya ya mpelelezi aliyefulia: anza na mtu, maiti itafuata

Wengi wanaotaka kuandika hizi riwaya wanaanza na maiti. Usiku, mvua, mwili uko chini ya daraja, alafu anatokea jamaa wa koti refu ananuka pombe, na kufika ukurasa wa arobaini kitabu kimekwama. Naandika hadithi za aina hii na napitia miswada ya wenzangu, na karibu kila mara shida ni ileile, ule ufukara wa mpelelezi ni pambo tu, ukiutoa hadithi inaendelea kama kawaida. Ufukara unatakiwa ndo usukume kila kitu. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua alivyoanguka

Kabla ya sentensi ya kwanza ya kitabu andika ukurasa mmoja wa kwako mwenyewe, msomaji hatauona. Alikuwa nani, alifanya nini, na nani alifaidika yeye alipoanguka. Hilo la mwisho watu wanaliruka kumbe riwaya iko humo. Tuseme alikuwa polisi, bosi wake akamwambia asaini maelezo ya shahidi yaliyochezewa, siku ya kwanza akagoma, siku ya pili akasaini, kijana asiye na hatia akafungwa, bosi akapanda cheo na yeye akashindwa kukaa pale akaacha kazi. Hapo pombe sijaigusa bado ila ikija itakuja na sababu. Ile habari ya mke aliyeuawa iache, imetumika mno, halafu inamsafisha, wakati huyu mtu lazima awe na doa alilojipaka mwenyewe.

Hatua ya 2: Fungua daftari la madeni yake

Chukua karatasi uandike anachodaiwa na anayemdai, kodi ya chumba, gari, rafiki aliyemkopesha na sasa hapokei simu zake. Kila sura ikiisha rudi hapo, pesa imeingia au imetoka? Sikwambii umwage mahesabu kitabuni, hapana, nataka wewe ujue ili maamuzi yake yawe na uzito. Mteja anatoa malipo ya awali, usiku huohuo nusu inaenda kwa mwenye nyumba, kesho yake mpelelezi anagundua mteja amemdanganya. Mtu mwenye akiba angerudisha hela akaachana na kesi. Huyu hawezi, hela ishaliwa, inabidi aendelee.

Hatua ya 3: Jibu kwanini walimchagua yeye

Mji mzima una wapelelezi wenye ofisi nzuri, kwanini mteja amepanda ngazi hadi kwa mlevi? Ukipata jibu la maana umepata kitabu. Jibu ninalolipenda mimi ni kwamba wanataka mtu ambaye akija kusema ukweli hakuna atakayemuamini. Wanamtuma atafute mtu aliyepotea, kazi inaonekana ndogo, na akimpata tu kazi yake imeisha na ushahidi wake hauna thamani mbele ya hakimu yeyote manake jina lake lilishachafuka. Na kama waliomchagua wanamjua kupitia yule bosi wake wa zamani basi hata ile kesi ya zamani inarudi bila kulazimisha sadfa.

Baada ya hapo andika tukio halisi la uhalifu kwa mpangilio wa tarehe, nani alifanya nini saa ngapi. Fanya hivo kabla ya kupanga sura, usipofanya utajichanganya, nakuhakikishia.

Hatua ya 4: Sauti

Hizi hadithi zilikua kwenye magazeti ya bei rahisi ya Marekani, Black Mask lilianza 1920, mwaka uleule marufuku ya pombe ilipoanza kutekelezwa, na hadi inafutwa 1933 magenge yalikuwa yametajirika kwa magendo na kununua polisi na wanasiasa. Dashiell Hammett, mmoja wa waandishi wa gazeti hilo, alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla hajaanza kuandika. Ndo maana mpelelezi wao anaongea kama mtu anayetoa ripoti, anataja alichokiona na kunyamazia anachokisikia moyoni.

Linganisha. Mswada dhaifu: "Nilipoiona barua ya mwenye nyumba nilijawa na huzuni na hasira, nikakumbuka jinsi maisha yangu yalivyoharibika." Sasa hii: "Barua ya mwenye nyumba ilikuwa imesukumwa chini ya mlango. Niliiruka. Nikamimina kilichobaki kwenye chupa, hakikufunika hata kitako cha glasi. Kisha nikarudi kuiokota, maana nilihitaji karatasi ya kuandika namba ya mteja." Hakuna neno huzuni pale ila ipo, na tena tumejua anadaiwa, anakunywa, na bado anataka kazi. Tamathali zako zibane pia, moja kali kwa ukurasa inatosha.

Hatua ya 5: Hakuna taarifa ya bure

Kila shahidi anataka kitu. Mpelelezi alipe kwa hela, kwa kipigo au kwa siri yake mwenyewe, na kwa kuwa hela hana atalipa zaidi kwa hizo mbili. Akipigwa sura ya tano, sura ya sita mbavu bado zinauma na kupanda ngazi ni shughuli. Waandishi wengi wanasahau hili, mtu kavunjwa pua usiku, asubuhi anatabasamu.

Hatua ya 6: Mwisho

Apate ukweli wote, lakini haki aipate nusu. Aliyefyatua risasi anakamatwa, aliyelipia risasi anabaki na cheo chake, na mpelelezi ana karatasi moja mkononi ya kuuza au kuitoa hadharani, akiiuza madeni yanaisha, akiitoa inabidi akiri kwamba na yeye alisaini. Usimchagulie haraka, mwache akae na hiyo karatasi sura nzima.

Kama riwaya nzima inakutisha anza na hadithi fupi. Raymond Chandler, mwandishi mwingine mkubwa wa hadithi hizi, alifukuzwa kazi kwenye kampuni ya mafuta 1932, hadithi yake ya kwanza ikatoka 1933 akiwa na miaka 45, riwaya ya kwanza ikaja 1939 na sehemu kubwa aliijenga kwa hadithi fupi alizokuwa ameshazichapisha. Kwa iyo chukua mahojiano ya shahidi mmoja tu, yaandike kurasa nne, yasome kwa sauti, na popote mpelelezi anapoeleza anavyojisikia futa.