SOMO: Namna ya kudili na kiota cha nyigu nje bila kuumwa

Wakuu, watu wengi wakiona kiota tu wanakimbilia fimbo au kiberiti, na wote tunajua inavyoishaga. Twende polepole.

1. Simama mbali uwaangalie kwanza. Kiota cha kijivu chenye vitundu wazi, kinaning'inia kwa kikonyo chembamba, hao wanatafuna mbao wanachanganya na mate kukijenga, unaweza kuwamudu. Kidonge cha udongo kilichoganda ukutani, achana nacho, jike anaishi peke yake na hana jeshi la kulinda. Ila ukiona wanaingia na kutoka kwenye shimo ardhini, usiguse kabisa, humo wanaweza kuwa mamia hadi maelfu, tafuta mwenye vifaa.

2. Jiulize kama wanakusumbua kweli. Kama kiko juu ya mti huko pembeni mi naona waache tu, wanakula viwavi hao.

3. Subiri giza. Mchana wengi wako mizungukoni, utaharibu kiota halafu warudi na hasira. Tochi usishike wala kuivaa kichwani, iweke chini pembeni, maana wakishtuka wanafuata mwanga. Ukiifunika na plastiki nyekundu ni bora zaidi, nyekundu hawaioni vizuri.

4. Vaa nguo nzito, suruali ichomeke kwenye soksi, funika uso na shingo, na njia ya kukimbilia iwe wazi nyuma yako. Kama kinahitaji ngazi, ghairi. Kuanguka kunaumiza kuliko nyigu.

5. Chukua bomba la kupulizia lenye maji ya sabuni mazito au dawa ya nyigu inayorusha mbali, loanisha kiota chote bila kusita, halafu ondoka. Sabuni inawaziba matundu ya kupumulia. Asubuhi hakikisha hakuna anayetikisika ndo ukiangushe na ukwangue kile kikonyo.

Petroli na moto hapana, utachoma nyumba.

Swali: Mkuu, wakinifukuza nilale chini?
Hapana, kimbia mpaka ndani ufunge mlango. Usiwapondeponde pale pale, aliyepondwa anatoa harufu inayowaita wenzake.

Swali: Nimeumwa, mwiba nautoaje?
Hamna mwiba wa kutoa, nyigu sio nyuki, anaondoka nao, ndo maana mmoja anakuchoma mara kibao. Osha na sabuni, weka barafu. Ila ulimi au midomo ikivimba, pumzi ikibana, au kizunguzungu, ni hospitali muda huo huo.

Swali: Tuko kambini tushapiga hema, ndo tunakiona kiota juu yetu?
Hamisheni hema taratibu bila kutikisa matawi. Na soda za kopo mimina kwenye glasi ndo unywe, nyigu anazama mle humuoni, na akikuchoma kooni koo linavimba linaziba njia ya hewa.